Sashe Zenye Jani la Kijani

Kando ya Kasaji, tarehe 14 Machi 2019

Mudogo wangu Banza,

Nakuandikia juu réseau ya telefone hapa inapatikana paka kule tu ku kilima, na kule kila mutu mwenye kungojea zamu anasikiliza wa mbele yake anasema nini. Haya maneno sitaki basikie. Barua anaibeba Mama Mbombo, ule mwenye kuuzisha samaki ya kukauka. Anaenda Kolwezi na treni, kama treni itapita.

Sisi tuko wazima. Tangu balitufukuza mu mutaa wetu, juu kampuni ilitaka mawe ya kobalti yenye ilikuwa chini ya bitanda byetu, hapa njo tulipata pa kulaza kichwa. Lakini hii bulongo ya kulima si yetu bado. Unakumbuka maneno ya shefu siku alitupokea: kila jamaa ipande miti ya matunda mu kipande yake. Mvua ingine ikianza, atatembea shamba kwa shamba. Penye miti imeshika, bulongo ni ya mwenye kupanda. Penye haikushika, anairudisha kwa benyeji. Unakumbuka muzuri, juu wewe njo ulituletea miche, michungwa na miavoka, ndani ya sashe, ile mifuko ya miche ya patron wako Musafiri, zile zenye jani ya kijani yenye kuchorwa ku ubavu. Ulisimama mbele ya batu yote ukasema: "Musipasue. Pandeni na sashe yake. Hii inaoza mu bulongo, inakuwa mbolea." Ukarudi Kolwezi. Mi njo nilibakia kurudilia maneno yako kila asubui, kwa kila mutu mwenye aliuliza.

Banza, miti haikui. Majani inageuka manjano, inaanguka, na mvua ingali inanyesha. Juzi niling'oa muchungwa moja. Sashe ilitoka mu bulongo nzima. Niliipangusa na kitambaa: jani iko, maandishi iko, ata rangi haijafifia. Ndani, mizizi imezunguka na kuzunguka, kama nywele ya mutoto yenye kusukwa na mutu wa hasira. Hakuna muzizi ata mumoja wenye ulipata njia.

Niambie kweli: ile sashe inaoza, ao haiozi? Uliza Musafiri, lakini umuangalie macho wakati anajibu. Ule muti niliurudisha mu shimo mbio, mbele Ndaya, jirani yangu, hajapita kuona. Sijui kama nilifanya muzuri kuficha.

Na nyumba ya marehemu mama, mwenye unalala? Hawajapiga alama ya rangi nyekundu ya kuibomoa ku ukuta? Tukishindwa hapa, tuko paka na ile nyumba tu.

Yaya yako,
Laurentine


Kolwezi, 2 Aprili 2019

Kwa Yaya Laurentine,

Barua yako imenifikia. Mama Mbombo ameileta mpaka mlangoni pa depot, ghala la Tata Musafiri.

Nimemwuliza Tata Musafiri kama ulivyoniagiza, na macho yake niliyaangalia. Alikuwa anafunga robota la mitumba. Hakushtuka. Alisema, "Kijana, mti ukianguka msituni unaoza siku moja? Mwambie dada yako awe na subira, na amwagilie." Yaya, hizo sashe zimetengenezwa kwa mahindi, siyo kwa petroli. Nimezisoma mwenyewe, Kifaransa chake ni wazi: zinaoza, zinarudi kuwa udongo. Kitu cha mahindi kitakosaje kuoza?

Huenda maji hayakutosha. Au shefu aliwapa udongo mchovu makusudi, ili miti isishike, naye ayachukue mashamba yake yakiwa yamekwisha kung'olewa visiki kwa mikono yenu. Hilo umelifikiria? Mtu akimpokea mfukuzwa kwa tabasamu, mimi huwa najiuliza anatabasamia nini.

Usichimbue mti mwingine. Na ile sashe uliyoiona, usimwonyeshe mtu. Neno la namna hiyo likianza kutembea, halirudi nyumbani.

Hapa mambo yamelegea. Bei ya kobalti imeanguka. Wanunuzi wamefunga vibanda vyao kando ya barabara, na wachimbaji wanashinda wakitazama mikono yao. Hata mkate unakosa mnunuzi jioni. Lakini nyumba ya mama iko salama, ondoa wasiwasi. Ukuta uko mweupe kama ulivyouacha. Wasalimie watoto.

Mdogo wako,
Banza


Kando ya Kasaji, 12 Mei 2019

Banza,

Barua yako niliisoma mpaka karatasi ikalegea, na kila mara naisoma naona kitu ingine.

Kwanza, hii Kiswahili ni ya nani? "Huenda." "Makusudi." Mama hakutuzaa na hayo maneno. Mukono ni yako, lakini kinywa nasikia ni ya Musafiri, ule mutu wa Maniema mwenye kusema Kiswahili ya kitabu. Alikuwa amesimama nyuma yako wakati unaandika?

Pili, unasema bulongo imechoka. Mu ile bulongo nilipanda maharagi katikati ya miti, na maharagi ilitupa chakula mpaka tukagawa. Sasa bulongo inachokea paka muti tu?

Tatu, unasema nimwage mayi. Nilimwaga. Kisha nikaamua kujua mwenyewe. Sashe ya ule muchungwa nilikata vipande. Kimoja nilikizika mu matope ya mutoni. Kimoja chini ya nyumba ya kuku. Kimoja nilikifunga ku muti, kiangaliane na jua. Cha mutoni kilitoka kama kilivyoingia, paka tu kilikuwa kinanuka. Cha chini ya kuku, ni vile vile. Cha jua kilikauka, kikaanza kubomoka vipande-vipande kama majivu, nikafurahi, nikamwita mutoto wangu Shekina: "Angalia, inaoza!" Nilikuwa mujinga. Jumapili tulichinja kuku. Shekina alipasua firigisi, akaniita. Ndani mulikuwa na vile vipande, vidogo kama punje za mutama, na kimoja kilikuwa na rangi ya kijani ya lile jani. Hakikuoza, Banza. Kiligawanyika tu ili kisionekane. Ile kuku hatukuila.

Sasa Ndaya naye aling'oa muti yake. Hakunificha kama mi nilivyomuficha. Alitembea na ile sashe mu mukono, nyumba kwa nyumba. Benyeji nao banasema sisi batu ba Kolwezi tulibeba bulongo ya mine, ya kule banachimba mawe, mu mizizi, sumu ya kuua mashamba yabo. Na bale tulifukuzwa nabo pamoja, bananiangalia mi. Banauliza kama Musafiri alinipa kitu.

Kwa kinywa ya Mama Mbombo nilikuomba unitumie picha ya nyumba ku telefone yake. Kila mutu Kolwezi iko na telefone ya picha. Wewe unashindwa nini?

Laurentine


Fungurume, 30 Juni 2019

Yaya,

Nakuandikia nikiwa Fungurume. Nilikuja kwa kamyo la mizigo. Usiniulize kazi gani.

Pasua sashe. Pasua zote, polepole, mizizi isikatike, na umwage maji mengi kwa kuwa kiangazi kimekaza. Tata Musafiri alimpigia simu yule aliyemuuzia, mtu wa Lubumbashi, mimi nikiwa pale nasikia. Yule mtu alicheka. Alisema, "Zinaoza, nani amekataa? Lakini zinataka lundo la takataka lenye kuchemka kwa ndani, joto ambalo ukitia mkono utautoa mbio. Ng'ambo kuna viwanda vya kazi hiyo. Wewe umezifukia kwenye udongo wa baridi, unangoja nini?" Tata Musafiri alikata simu. Alikaa juu ya robota mpaka wateja wakaondoka wenyewe.

Hakujua, Yaya. Naapa kwa kaburi la mama, hakujua.

Hapa wanajeshi wamefika kuwaondoa wachimbaji. Jana vibanda vimeungua, watu wamekimbia na mabakuli kichwani. Mimi niko mzima. Kuja Kasaji siwezi kwa sasa. Picha ya nyumba nitatuma. Simu yangu imeharibika.

Banza


Kando ya Kasaji, 18 Agosti 2019

Banza,

Nilipasua. Nilianza na safu yangu peke yake, juu nilikuwa nimekwisha kurudilia neno yako mara moja mbele ya batu, na neno ile ilitupa aibu. Nikasema: mara hii nione kwanza na macho yangu, kisha niseme. Tulibeba mayi na ndoo kutoka mutoni, mi na Shekina, kila siku, mpaka shingo ikakataa kugeuka. Miavoka ilitoa majani mapya, mekundu, madogo kama ulimi ya panya. Nililia.

Ile furaha njo ilinimaliza. Ndaya alipita, akasimama, akaangalia. Akaniuliza, "Ya kwako inapona namna gani?" Nikamweleza kila kitu: sashe, joto, mutu wa Lubumbashi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika ku nyumba zote: "Basi ulijua. Ulijua, ukapasua ya kwako, ukaacha ya kwetu ikufe."

Nilichukua ndoo, nikarudi mutoni. Chochote chenye ningesema kilikuwa kinafanana na uwongo.

Na sasa wewe. Mama Mbombo amerudi jana. Aliniambia hakukukuta Fungurume. Alikuona Kolwezi, mu depot ya Musafiri, umevaa kanzu nyeupe ya Musafiri mwenyewe. Alikuita kwa jina. Ulimuona, ukaingia nyuma ya magunia. Anasema unatembea polepole sana, kama mutu mwenye kubeba mayi na hataki imwagike. Mi najua kutembea kwa namna ile. Mutu mwenye siri njo anatembea vile.

Kwa hiyo unalala kwake, unavaa nguo yake, unakula bukari na mboga yake, na mi huku batu banataka kunifukuza juu ya sashe yake. Nilifukuzwa na kampuni, nikavumilia, juu kampuni haikunyonya maziwa na mi. Sasa nitafukuzwa juu yako?

Mukutano wa batu yote hapa umekwisha kusema. Shefu atatembea mu mashamba mwezi wa kumi, mvua ya kwanza ikinyesha. Mbele ya siku ile, mwenye kuuzisha sashe asimame hapa, mbele ya batu, ajibu. Kama hakuje, mi na batoto tunatoka. Mulete, Banza. Na kama ulikula naye feza ya sashe, kuja na wewe ujibu.

Laurentine


Kolwezi, 8 Septemba 2019

Yaya,

Barua yako nimemsomea Tata Musafiri, yote, hata pale unaposema huenda nimekula naye. Nilitaka kuruka maneno mengine, akasema, "Usiruke. Nasikia sauti yako inavyojikwaa."

Nilipomaliza aliuliza, "Dada yako anafukuzwa kwa ajili ya mali yangu?"

Nikasema, "Ndiyo, tata."

"Na wewe huwezi kwenda."

"Siwezi."

"Basi nitakwenda mimi."

Nilimwambia watu wana hasira, na kule hana ndugu wala msikiti wala mtu wa kumsimamia. Akasema kwamba mali aliiuza mchana, na ataijibu mchana. Hajanitaka nimshukuru na hajanilaumu. Tangu jioni ile anapima sashe kwa vidole, anazivuta, anazinusa, kama mtu anayetafuta ugonjwa kwa mtoto.

Mimi siji, na sababu usiniulize. Shuku unavyotaka kushuku. Lakini yule mzee akishuka Kasaji, usiwaache wamguse. Wakimpiga, watakuwa wamenipiga mimi.

Banza


Kolwezi, 20 Septemba 2019

Kwa Mama Laurentine,

Salamu nyingi kwako na kwa jamaa yako.

Hatujuani, ila nilikuona kwa mbali stesheni siku mliposafiri na mizigo yenu. Nimesikia kwamba unanishuku. Ni haki yako. Mtu akiniuzia kitu kwa neno, na neno lisitimie, mimi pia nitamshuku yeye kwanza.

Nitafika kwa treni au kwa pikipiki, kabla shefu hajatembea. Naomba mambo mawili tu. La kwanza, nisifikie nyumbani kwako, wasije wakasema tumepatana jikoni. Nitafikia popote pengine, hata stesheni. La pili, mkusanye samadi mbichi, mabua na majani, mfanye lundo kubwa kupita kimo cha mtu, mlilowanishe na mlifunike, na katikati yake mtie sashe moja nzima. Muigeuze kila inapopoa. Mlinde lundo hilo ninyi nyote, siyo wewe peke yako.

Nimeuza kitu ambacho sijawahi kukiona kikifa. Nataka nikione.

Iddy Musafiri


Kando ya Kasaji, 13 Oktoba 2019

Banza,

Mvua imeanza. Musafiri alifika.

Nilikuwa nangojea mutu wa tumbo kubwa na saa ya kung'aa. Pikipiki ilisimama, akashuka muzee mukonda, kofia yake imeloana, suruali imejaa matope mpaka magoti. Aliuliza njia ya kwa shefu, akaenda kusalimia kule kwanza, akalala kule. Asubui shefu mwenyewe alikuja naye, na batu yote tulikuwa tunangojea mu shamba ya Ndaya, benyeji upande moja, sisi upande ingine. Vijana balikuwa na fimbo. Mi nilikumbuka neno yako, nikasimama katikati.

Shefu aliketi ku kiti. Akasema, "Mutu wa sashe ni huyu. Semeni."

Ndaya alitoka mbele. Alitema mate chini, karibu na viatu vya Musafiri, kisha akamunyoshea kidole muti yake moja ya kukauka. Musafiri alimuelewa. Alipiga magoti mu matope, akaomba kisu. Kwa kitambo hakuna mwenye alimupa, juu kila mutu alikuwa anawaza atakifanyia nini. Mwisho mi nilimupa changu. Alichimba na mikono, akatoa muti, akapasua sashe kutoka juu mpaka chini, akaanza kufungua mizizi na vidole, moja moja. Ilikuwa inavunjika kama vijiti. Ule muti ulikuwa umekufa zamani. Akauweka chini kama vile mutu anaweka maiti. Akaenda ku wa pili, umekufa. Akaenda ku wa tatu. Alikwaruza ganda na kucha, na chini ya ganda kulikuwa kijani.

"Huu unataka kuishi," alisema. Ndaya akageuza uso.

Kisha tulienda ku lundo. Tulilijenga na kulilinda kama alivyosema mu barua, kwa zamu, benyeji na sisi. Vijana balipolifungua, moshi ulitoka kama mu chungu ya bukari. Mmoja alitia mukono ndani akaurudisha na kupiga kelele. Baliingiza uma ya shamba, bakatosha sashe inje. Banza, haikukubali kubebwa. Ilikatika yenyewe. Ilikuwa kama mukate wenye ulianguka mu mayi: unashika hapa, inabakia pale. Lile jani la kijani halikuonekana tena.

Batu balisogea karibu kuiangalia. Kisha kijana moja wa benyeji akasema, "Kumbe inaoza kweli!"

Ndaya njo alijibu, na ilikuwa neno yake ya kwanza siku ile: "Inaoza penye hatupandi."

Musafiri alisimama, matope mpaka kwa viwiko. Alisema: "Huyu mama wa shamba hili amesema yote. Mimi nilinunua neno, nikawauzia neno. Lilikuwa kweli mahali pengine. Sikuuliza ni wapi, kwa sababu lilikuwa linauzika vizuri bila kuuliza. Huyu mama Laurentine hakupata kitu kwangu, hata kamba ya kufungia mzigo. Mwenye hasira anipige mimi."

Hakuna mwenye alimupiga. Nafikiri ingekuwa rahisi kama angekataa.

Ndipo shefu akauliza, "Na ule kijana? Mwenye alisimama hapa akatuambia tusipasue? Mbona hakuje? Anajificha?"

Mi niliangalia chini. Nilikuwa na hasira yangu tayari, nilitaka kusema ndiyo, anajificha. Musafiri akasema, pole pole, kama mutu mwenye kufikiri kila mutu anajua: "Kijana hawezi kupanda treni. Mguu wake ulivunjwa Fungurume, siku wanajeshi walipoondoa wachimbaji. Alikuwa ameingia kuchimba. Depot haiuzi tena, nami nilikuwa sina mshahara wa kumpa. Nilimfuata nikamrudisha. Analala juu ya marobota yangu tangu walipoivunja nyumba ya mama yao."

Nilimuuliza, "Nyumba gani?"

Akaniangalia, na pale pale aliona kama nilikuwa sijui. Alitaka kuondoka. Nikamuuliza tena. Akasema, "Mama, mwezi wa tatu. Mashine zilipita asubuhi. Kijana alitoka na nguo alizovaa tu. Aliniapisha nisiseme."

Mwezi wa tatu, Banza. Mbele ata ya jibu yako ya kwanza. Uliniandikia ukuta ni mweupe, na ukuta ulikuwa umekwisha kuwa vumbi. Kila siku nilikuwa nasema na batoto: tukishindwa hapa, tunarudi kwa nyumba ya bibi. Mu mawazo niliwapanga mu chumba ya nyuma, kila mutu na nafasi yake. Na wewe ulikuwa umevaa kanzu ya mutu mwingine juu nguo yako ilizikwa mu ile nyumba. Ulikuwa unatembea polepole juu ya mufupa wenye kuvunjika, na mi nikaita ile siri. Niliketi mu matope mbele ya batu yote. Sikulia. Nilikuwa nakosa pa kuanzia.

Ndaya alikuja akaketi karibu na mi. Hajanisalimia mpaka leo, lakini jioni alikuja na jembe, akachukua miavoka miwili ya safu yangu bila kuniomba, nikamuacha.

Shefu alitembea shamba kwa shamba, mu mvua. Michungwa mingi imekufa. Miavoka, nusu inapumua. Alisema: "Bulongo siirudishi juu ya kosa ya sashe. Lakini siitoi kuwa yenu bado. Nawapa hii mvua. Pandeni tena, na mara hii pasueni. Nitarudi." Si furaha, lakini hakuna mwenye anafunga muzigo leo. Juu yangu, mukutano haukusema kitu. Balianza tu kunipitisha mbele ku mutoni wakati wa kuteka mayi, kama zamani.

Musafiri alibakia kufanya kazi na sisi mpaka sashe ya mwisho ilipasuliwa. Zote alizifunga pamoja, akazibeba ku pikipiki. Nilimuuliza atazitupa wapi. Alisema hajui. Ni jibu ya kwanza yenye nilimuamini bila kumuangalia macho.

Sikiliza sasa. Nilikasirika na wewe, na ningali. Ulinidanganya ili nilale muzuri, na mi nililala juu ya kitu chenye hakiko. Lakini nilikuacha peke yako mu muji wenye kuanguka, nikakuuliza habari ya ukuta, sikukuuliza ata siku moja kama ulikula. Sasa nyumba ni hii ya hapa: mabati mbele, majani nyuma, na upande wa mutoni kuko nafasi ya kitanda moja. Shekina amekwisha kupafagia. Musafiri amesema kamyo yake ya mwisho inapita Kasaji wiki yenye kuja, na dereva atakulaza mbele, mguu unyoshwe.

Usinijibu. Mu barua unajua sana kujificha. Kuja.

Yaya yako,
Laurentine